Mtoto Ambaye Hakuwemo Ndani

Kakuma, 3 Machi 2024

Dada Namuria,

Hapakuwa na mtoto.

Nimeandika maneno hayo matatu, nikaenda kuteka maji, nikarudi. Sijamwambia shangazi Aregae. Sijamwambia padri. Hata Mungu sijamwambia kwa sauti, ingawa najua anajua.

Ile Alhamisi, saa nane mchana, moto ulianza kwenye kibanda cha jirani anayewauzia bodaboda petroli kwa chupa. Shangazi alikuwa ameenda kusagisha mahindi. Mimi nilikuwa peke yangu hotelini kwake, naosha vikombe. Nilipoona moshi nilitoka mbio na kitambaa mkononi. Nilipofika barabarani ndipo nikakumbuka mbuzi wangu, yule niliyepewa na nyanya nilipomaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimemfunga stoo asubuhi kwa sababu alikuwa anakula vitunguu vya shangazi.

Mume wako Esekon alifika na polisi wenzake kutoka kituoni, wakaanza kusukuma watu nyuma. Aliponiona alinijia.

"Shemeji, umetoka? Uko mzima?"

"Mbuzi wangu yuko stoo."

Akacheka, hata kwenye ule moshi. "Mbuzi! Shemeji, nitakuletea mwingine wa rangi unayotaka. Rudi nyuma."

Akageuka kwenda. Ndipo nikasema, "Na kuna mtoto."

"Mtoto? Wa nani?"

"Wa mteja. Amelala kwenye magunia."

Unanijua mimi, Namuria. Shuleni mwalimu alikuwa akiita majina naitikia, na bado ananiandika sipo. Lakini siku ile nilisema kwa sauti mpaka watu wakageuka. Nadhani ndiyo maana aliniamini. Mtu asiyepiga kelele akipiga, nani atamwuliza mara mbili?

Sajini Ejore alimshika mkanda, akachomoka. Nilidhani ataingia, hatamwona mtoto, atamfungua mbuzi, atatoka akinigombeza. Niliwaza hata maneno atakayonigombeza nayo. Kisha mtungi wa gesi ukapasuka na paa likashuka.

Mbuzi alikuwa ameshatoka. Kamba iliungua, akapita penye pengo la mabati. Kesho yake tulimkuta lagani, kwenye mkondo wa mto wa msimu, ananywa maji, ubavu mmoja umebabuka. Kwa hiyo Esekon alipoingia, ndani hapakuwa na mtoto wala mbuzi.

Barua hii sitaituma. Naiweka ndani ya kamusi yangu ya shule.

Nakaale

*

Kakuma, 3 Machi 2024

Kwa dada yangu Namuria,

Ejok? Nakusalimu pamoja na mama mkwe na wote wa huko kwenu Kanamkemer. Sisi huku tunaamka, tunashukuru. Shangazi Aregae bado anakohoa moshi ule lakini ameanza kupika chai chini ya turubai, na wateja wamerudi. Mama alituma samaki mkavu kutoka Lowarengak, nusu yake nakutumia kwa basi pamoja na barua hii.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haishikwi, nami unajua kwenye simu huwa napumua tu. Zamani shemeji ndiye alikuwa posta yetu. Sasa nimempa kondakta. Amesema ataiacha kwenye ofisi ya mizigo ya basi, ulizia pale.

Pole sana, dada. Kwenye mazishi sikukukaribia. Watu walikuwa wengi.

Matokeo yangu nilipata C. Sijui nitafanya nini.

Mdogo wako,
Nakaale

*

Lodwar, 20 Machi 2024

Nakaale mdogo wangu,

Samaki alifika, barua ilifika. Ejok-noi, salama kabisa. Mama mkwe alimkaanga samaki siku hiyo hiyo, akala kichwa chote, na tangu tumzike Esekon sijamwona akila hivyo. Mimi nimenyolewa, shanga nimevua, nimerudi kufundisha chekechea kwa sababu watoto wale hawajui kunipa pole. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nywele zako nani amekula?" Nikacheka. Kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

Simu siishiki. Kila anayepiga analia, halafu ni mimi ninayembembeleza. Wewe niandikie. Na C si mbaya. Esekon alikuwa na D na alikuwa akiitaja kama cheo.

Nina jambo la kukuuliza. Nina mimba ya miezi mitano. Yeye alijua. Wewe sikukuambia. Padri alisema kaburini kwamba mahali fulani kuna mtoto anayepumua kwa sababu ya Esekon, na mama mkwe ameshika neno hilo kama mkongojo. Kila anayekuja kutoa pole anaambiwa habari za mtoto yule. Lakini mtoto hana jina. Afisa aliyeniletea nguo zake alisema hawakukuta mwili wa mtoto, kwa hiyo lazima alitokea nyuma.

Wewe ulikuwepo. Mtoto yule ni nani?

Namuria

*

Kakuma, 7 Aprili 2024

Kwa dada Namuria,

Nakusalimu, namsalimu na aliye tumboni. Nimefurahi sana. Mvua imeanza huku, kambini kwa wakimbizi nyumba nyingi za udongo zimeanguka, lakini sisi turubai letu limesimama. Shangazi ananiambia nikusalimie, anasema usibebe maji.

Uliuliza habari za mtoto. Ni mtoto wa kike wa mama mmoja wa Sudan Kusini, mteja wetu wa mandazi. Anaitwa Athieng. Ana miaka kama minne. Ni mzima.

Sina mengine.

Nakaale

*

Lodwar, 26 Mei 2024

Nakaale,

Usidhani nimekaa kimya kwa kununa. Mto Kawalase ulijaa, mabasi yakalala ng'ambo siku nyingi, na barua yako ilikaa kwenye gunia la mtu mpaka wino ukaenea. Lakini jina lilisomeka. Athieng.

Nilimsomea mama mkwe. Aliniambia nirudie. Kisha akatoka nje akalitamka mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeonja mboga kama ina chumvi. Akasema, "Kwetu mtoto huitwa jambo lililotukia akiwa njiani. Akizaliwa wakati wa mvua ni wa mvua, akizaliwa safarini ni wa safari. Huyu njia yake ilikuwa moto, na katika moto alitoka Athieng. Akiwa msichana, ndilo jina lake." Jirani akamwambia, "Lakini hilo si jina la Kiturkana." Akajibu, "Na moto ulikuwa wa Kiturkana?"

Kwa hiyo imekwisha. Akiwa mvulana ni Esekon, akiwa msichana ni Athieng.

Jambo moja nalisema kwako tu. Usiku kucha zamani nilikuwa namlaumu. Nilijiuliza ni kitu gani kilimfanya aniache na tumbo hili aingie kwenye moto wa watu. Tangu nipate jina, simlaumu tena.

Maziwa huku ni ya shida, mbuzi wengi wa jirani walikufa na baridi ya mvua. Nikisema hivyo siombi. Naeleza tu.

Namuria

*

Kakuma, 10 Juni 2024

Kwa dada Namuria,

Salamu nyingi. Tuko salama. Shangazi amejenga upya kwa mabati ya watu waliomchangia, na mlango sasa ni mkubwa zaidi.

Lotiir wa lori la makaa anapita huko Jumatano. Nimempa mbuzi wangu na mwanawe wakuletee. Alizaa Mei, ana maziwa mengi, na ni mpole ukimkamua kutoka kushoto. Upande wa kulia usimguse sana.

Usinishukuru, tafadhali.

Nakaale

*

Lodwar, 4 Agosti 2024

Nakaale wetu,

Ni msichana! Alizaliwa tarehe ishirini na nane Julai, Jumapili, watu wakiwa kanisani. Ana paji la uso la Esekon, na analia kama anatoa amri. Mama mkwe hamwachi hata nikitaka kumnyonyesha, mpaka namwomba kama naazima kitu.

Mbuzi wako ndiye anayetulisha. Mimi nakunywa, mama mkwe anakunywa, chai ya wageni inatoka kwake. Mama mkwe anamwita mbuzi wa mtoto, na mtu akimtupia jiwe atajuta. Lakini nina swali. Hii alama ya moto ubavuni ni ya nini? Ni kubwa mno. Mama mkwe anasema mganga wenu wa mifugo huko Kakuma hajui kuchoma. Mbuzi akiumwa mapafu huchomwa mistari miwili mitatu, si kubanikwa upande mzima. Alikuwa anaumwa nini? Tusije tukampa mtoto maziwa ya ugonjwa.

Sasa sikia habari kubwa. Jumamosi tarehe ishirini na nne, mtoto akiwa amekaza shingo kidogo, tunakuja Kakuma. Mimi, mama mkwe na mtoto. Anataka watoto hawa wawili wagusane mikono kabla hajatamka jina mbele ya watu. Amenunua kitambaa cha gauni la Athieng. Mwambie mama yake asiwe na wasiwasi, hatutaki kitu chochote. Tunataka kumwona tu.

Nakaale, natamani sana siku hiyo.

Dada yako

*

Kakuma, 13 Agosti 2024

Kwa dada Namuria,

Nakusalimu. Namsalimu mtoto. Mama mkwe sithubutu kumsalimu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya tarehe tatu Machi. Tafadhali isome hiyo kwanza, ukiwa umekaa, mtoto awe na mtu mwingine. Kisha urudi hapa.

Nadhani umerudi.

Athieng ni mtoto wa kweli, na jina lake ni la kweli, lakini hakuwemo. Asubuhi ya siku ile alikuja kununua mandazi, ndiyo maana jina lake lilikuwa karibu na kalamu yangu. Uliponiuliza mara ya kwanza ningeweza kusema. Nilikaa na karatasi siku nyingi. Nikaandika jina, nikajiambia ni neno moja tu.

Nitakuambia na lingine baya zaidi, ili lisibaki. Barua yako ya mwisho ilipofika nilikwenda kambini kumtafuta mama yake. Nilikwenda kumwomba aseme kwamba mtoto wake alikuwa ndani. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia. Akaniangalia.

"Mtoto yangu kwa moto? Hapana. Mtoto yangu alikuwa shule."

Nikasema ni kwa ajili ya mjane, ni siku moja tu.

"Dada, mimi nilikimbia moto ya kweli na watoto watatu, nikafika na wawili. Mtoto yangu hawezi kuingia kwa moto ya uongo. Enda. Ongea na watu yako."

Alinipa maji nikanywa, na Athieng akanisindikiza hadi kwenye bomba, ameshika kidole changu. Sikuweza kumtazama.

Alama ya ubavuni si dawa. Mbuzi huyo ni yule. Nilimtuma kwako kwa sababu sikuweza kumwona kila asubuhi, na nilijidanganya kwamba nalipa kitu. Maziwa hayana ugonjwa.

Msije Jumamosi ile. Au mje, lakini si kwa ajili hiyo.

Sina neno la kuweka mwisho.

Nakaale

*

Lodwar, 22 Septemba 2024

Nakaale,

Mtoto hajambo. Mama mkwe hajambo. Wiki tano sikukujibu, na si kwa sababu ya laga. Njia ilikuwa kavu.

Nilisoma barua zako mbili nyuma ya darasa, watoto wakiwa ndani wanaimba. Niliporudi darasani nilifundisha mpaka kengele. Sikumbuki nilifundisha nini.

Mama mkwe alikuwa ameshafunga mizigo ya safari. Nikamwambia Athieng ana surua, hatuwezi kumpeleka mtoto mchanga. Akasema, "Maskini, tumwombee." Jioni alimwombea kwa jina. Kwa hiyo sasa na mimi ni mwongo, na uongo wako una watu wawili wa kuubeba.

Siku ya tatu nilimfungua mbuzi nikamswaga hadi ng'ambo ya Kawalase, kule vichakani kwenye fisi. Nikamwacha. Nikarudi polepole ili nisionekane na macho mekundu. Nilipofika nyumbani nilimkuta mlangoni ananisubiri. Nilisahau kwamba mwanawe nilimwacha amefungwa hapa. Mama mkwe akaniuliza, "Nani amemfungua mbuzi wa mtoto?" Nikachukua kibuyu nikamkamua. Upande wa kushoto, kama ulivyosema.

Barua yako imejaa aibu. Mimi naona aibu pia, na yangu hukuitegemea. Naona aibu kwa sababu nilipokuwa na jina la Athieng nilipata usingizi. Nilifurahi kwamba kifo cha Esekon kilikuwa kizuri. Sasa nimebaki na mwanamume aliyekufa kwa sababu aliamini neno la shemeji yake, na kila nikigeuza jambo hilo sioni kosa lake lolote. Aliyeogopa kwamba kuna mtoto ni yeye. Aliyeingia ni yeye. Hilo hukumpa wewe, na huwezi kulichukua.

Kuna kitu hukuwahi kukijua. Kila alipoleta barua yako alikuwa akisema, "Yule dada yako, siku atakayosema kitu, mimi nitasikiliza." Basi alisikiliza.

Sijakusamehe. Sitaki kukuandikia neno hilo kwa sababu ni zuri na linamaliza barua.

Mama mkwe bado hajatamka jina mbele ya watu. Anasubiri surua iishe. Mtoto ana miezi miwili kasoro na tunamwita "wewe". Mimi sitamwambia mama yake Esekon. Nilishazika mtoto wake mara moja mbele yake, sitamzika mara ya pili. Utakuja wewe. Utasimama mbele yake, utasema, na utasema kwa sauti ile ile uliyomwambia Esekon. Si hii ya kwenye karatasi.

Usilete mbuzi mwingine, wala sukari, wala kitambaa. Wazee wakitaka kitu cha kuosha jambo hili, watachagua wao.

Namuria

*

Kakuma, 28 Septemba 2024

Kwa dada yangu Namuria,

Nakusalimu wewe, na mtoto ambaye bado hajaitwa.

Jana nilikwenda kituoni. Nilimwambia shangazi kwanza, akakaa chini kwenye unga. Kisha akajifunga leso akanifuata hadi lango la kituo akabaki nje. Sajini Ejore alikuwa kaunta. Nikasema nataka kubadilisha maelezo niliyotoa Februari kuhusu ule moto.

"Sikusikii. Ongea kwa sauti, binti, hapa si maungamoni."

Nikasema tena. Bado hakusikia, pikipiki ilikuwa inanguruma nje. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ile. Waliokuwa benchi wote waligeuka, na mahabusu mmoja akaacha kuimba. "Hapakuwa na mtoto. Nilidanganya. Nilitaka mbuzi wangu."

Sajini aliweka kalamu chini. Alinyanyua mkono wake wa kulia akauangalia. Akasema, "Mkanda wake ulikuwa hapa. Hapa." Akafunga kiganja. "Kila siku najiuliza kwa nini sikuuvuta zaidi, halafu najiambia, Ejore, kama ungemvuta mtoto angekufa." Hakunitukana. Heri angenitukana. Kisha akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Akasema lazima aipeleke kwa wakubwa, lakini ataituma Jumanne, ili mama wa Esekon asisikie kwa watu wa ofisi.

Kwa hiyo ninakuja Jumatatu kwa basi la asubuhi. Sina mzigo. Nitashuka stendi na kutembea hadi Kanamkemer, usije kunipokea. Kama mama mkwe atanifukuza nitakaa kivulini kwa jirani mpaka aniite, na asiponiita nitarudi kesho yake. Kama wazee watasema mbuzi huyo ndiye achinjwe, watu wapakwe majani ya tumboni mwake kama desturi ilivyo, nitamshika mimi mwenyewe, miguu yote minne. Kama watasema abaki kwa sababu ya maziwa, nitakaa nimkamue kila asubuhi mbele yao na nitaiangalia ile alama.

Nimejaribu kusema maneno yale nikiwa peke yangu. Yanatoka.

Nina ombi moja, na najua sina haki ya kuomba. Barua hii utaipata leo jioni. Zimebaki siku mbili. Usimwambie mama mkwe, wala jirani, wala usimnong'oneze mtoto ukimnyonyesha. Miezi saba nimeificha siri hii ili nijikinge mimi. Siku mbili hizi nakuomba uifiche ili nisikute mtu mwingine ameshaisema badala yangu. Esekon alisikia sauti yangu mara moja, kwa uongo. Mama yake aisikie kwa kweli, kutoka mdomoni mwangu, na asiwe ameisikia popote kabla.

Nitunzie mpaka Jumatatu. Nitabisha hodi mwenyewe.

Nakaale